Dawa Zinazochoka na Miti Inayoweza Kuziamsha

Kwetu Mokambo, Sakania na Lubumbashi kuna jambo ambalo wengi hulizungumza kwa kukisia na wachache hulichunguza. Inasemwa sana siku hizi kwamba dawa za hospitali zimeshindwa, na kwamba dawa ya miti ndiyo itakayotuokoa. Wengine hujibu kwamba dawa ya miti ni ushirikina mtupu, na mtu aliyesoma haimpasi kuigusa. Nasema pande zote mbili zimekosea, na kosa lao linagharimu maisha ya watu. Ukweli unaojitokeza katika maabara za Kongo, Kameruni, Burundi, Japani na Marekani ni wa namna nyingine: mti unaweza kuisaidia antibiotiki iliyochoka ikafanya kazi tena, viwili hivyo vikitumika pamoja, kila kimoja kwa kipimo chake. Tumaini hilo linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu matajiri, kwa sababu dawa zinazoweza kuamshwa hivyo ni zile za zamani, za bei nafuu, ambazo mfuko wetu unazimudu. Lakini halitatufikia kwa kuchemsha mizizi nyumbani na kuinywa pamoja na ampisilini ya kununua bila cheti. Litatufikia kwa njia ya maabara, kwa msitu uliotunzwa, na kwa antibiotiki ambazo hatukuziharibu kabisa kabla msaada haujaja.

Tuanze na ukubwa wa maradhi yenyewe. Januari 2022 jarida la The Lancet lilichapisha hesabu ya nchi zote: mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa, na vifo milioni 4.95 vilihusiana na bakteria hao kwa njia moja au nyingine. Mzigo mkubwa kuliko wote, ukilinganisha na idadi ya watu, ulikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Septemba 2024 hesabu nyingine ilikadiria kwamba kati ya 2025 na 2050 vifo vya moja kwa moja vinaweza kupita milioni 39, na mwezi huohuo mataifa yaliyokutana New York yaliahidi kuvipunguza vifo vinavyohusiana na usugu wa bakteria kwa dawa kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Hizo ni hesabu za dunia; hapa kwetu hali si ya kusimuliwa kwa mbali. Mwaka 2014 watafiti wa Kivu Kusini walichapisha habari za bakteria wa mkojo waliozizoea dawa za kawaida, kwa wagonjwa waliolazwa na kwa wale wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Mwaka 2019 wanasayansi wa taasisi ya INRB ya Kinshasa na wenzao wa Ulaya walieleza ukoo mpya wa Salmonella Typhimurium, uliopatikana katika damu ya wagonjwa wa nchi hii, ambao haushindwi tena na ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli, seftriaksoni wala azithromisini. Naomba msomaji asiipite orodha hiyo haraka. Aende katika farmasi iliyo karibu naye, atazame rafu, kisha aondoe dawa hizo tano. Aone kinachobaki.

Hospitali ndipo mahali ambapo bakteria hao hukutana na kupeana usugu. Mwenye kidonda cha upasuaji hulala kando ya mwenye mpira wa mkojo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hutobolewa mshipa apewe maji. Mikono ileile huwagusa wote. Na dawa kali hutumika kila siku, hata walio dhaifu wakafa na wagumu wakabaki kuzaana. Staphylococcus aureus hukaa katika ngozi na usaha. Klebsiella na Escherichia coli hushika mkojo na damu. Acinetobacter na Pseudomonas hupenda unyevu, masinki, mipira na mashine za kupumulia. Mbinu zao za kujikinga ni tatu hasa. Ya kwanza ni kutengeneza vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijafanya kazi. Penisilini ilikuwa bado haijaanza kuuzwa pale Abraham na Chain walipokieleza kimeng'enya cha aina hiyo mwaka 1940. Ya pili ni kukibadilisha kiungo ambacho dawa ilikilenga, kama walivyofanya stafilokoki walioshinda methisilini, ambao habari zao zilichapishwa Uingereza mwaka 1961, dawa yenyewe ikiwa bado mpya. Ya tatu, na hapa ndipo mti utakapoingia, ni kuitoa dawa nje kwa pampu. Watu wa Haut-Katanga na wa Copperbelt hawahitaji kuelezwa pampu ni nini. Mgodi wa Konkola, ng'ambo ya Kasumbalesa, ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani. Pampu zake zikisimama, shimo hujaa na kazi hufa. Bakteria naye ana pampu katika utando wake. Dawa ikiingia, yeye huitoa, na ile inayosalia ndani haifikii kiasi cha kumuua. Pampu ikizibwa, dawa ileile iliyoshindwa jana inamjaa na kumzamisha.

Wazo la kuipa dawa msaidizi si ndoto ya watu wa vitabu. Ushahidi wake unauzwa Lubumbashi kila siku: ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, ambayo wengi huijua kwa jina la Augmentin. Asidi hiyo hutolewa kwa Streptomyces clavuligerus, bakteria wa udongoni. Peke yake karibu haiui kitu. Kazi yake ni kukikamata kimeng'enya cha bakteria, ili amoksisilini ipite bila kukatwa. Mchanganyiko huo uliingia sokoni Uingereza mwaka 1981, na zaidi ya miaka arobaini baadaye bado unaponya watu. Kwa hiyo swali la kama msaidizi anaweza kuiokoa dawa ya zamani limekwisha kujibiwa. Swali lililobaki ni kama mimea ina wasaidizi wa namna hiyo, na kama sisi tutakuwa miongoni mwa watakaowapata.

Kwamba mimea inao, hilo halina shaka tena. Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao nchini Marekani walieleza jambo la kustaajabisha katika miti ya jamii ya Berberis. Miti hiyo hutengeneza berberini, kiambato cha manjano chenye nguvu ya kuua bakteria. Lakini Staphylococcus aureus huitoa nje kwa pampu yake iitwayo NorA, na berberini peke yake hubaki dhaifu. Walipoichunguza miti hiyo zaidi wakakuta ndani yake kiambato cha pili, ambacho kikiwa peke yake hakiui bakteria. Kazi yake ni kuiziba NorA. Vikikutana, bakteria hufa. Mti ulikuwa umeshayaweka pamoja yale ambayo viwanda vya dawa vinahangaika kuyaunganisha, na ndugu yake mmoja, Berberis holstii, huota katika milima ya Afrika Mashariki. Hata kabla ya hapo, Isao Kubo, mwanakemia Mjapani, alikuwa ameichunguza Warburgia ya Afrika Mashariki, ambayo Wakikuyu huiita muthiga na ambayo maganda yake hutafunwa na wenye kikohozi. Mwaka 1988 yeye na mwenzake walichapisha kwamba poligodiali, kiambato kikali kinachopatikana katika miti hiyo, huongeza nguvu ya dawa nyingine dhidi ya hamira na fangasi. Watafiti wa Uingereza na Japani nao walionyesha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba viambato vya majani ya chai huwafanya stafilokoki walioshinda methisilini wadhurike tena na dawa za jamii ya penisilini, angalau ndani ya vyombo vya maabara.

Mfano mmoja umevuka kutoka maabara hadi kwa mgonjwa, nao nauweka mbele ya wale wasemao kwamba haya yote ni maneno. Mwaka 2009 India iliruhusu dawa ya kifua kikuu iitwayo Risorine. Ndani yake mna isoniazidi, mna piperini, yaani kile kiambato kinachoipa pilipili manga ukali wake, miligramu 10 tu, na mna rifampisini miligramu 200 mahali pa 450 zilizozoeleka. Katika kidonge hicho piperini haikuwekwa ili kuziba pampu ya bakteria. Inaisaidia rifampisini kuingia kwa wingi zaidi katika damu ya mgonjwa. Lakini jambo la kutazama ni njia iliyofuatwa. Kiambato kimoja kilichojulikana kilitengwa, kikapimwa kwa miligramu, kikajaribiwa kwa watu chini ya uangalizi, kikaandikishwa serikalini. Hakuna aliyeambiwa atafune pilipili.

Na Kongo je? Mwaka 2007 Okusa na wenzake walichapisha uchunguzi wa Cordia gilletii, mti wa nchi yetu. Walitoa viambato katika maganda ya mizizi yake, wakavigawa kwa makundi, na wakaona kwamba baadhi ya makundi hayo, hata kwa kiasi kisichotosha kuua bakteria, yalipunguza dozi ya antibiotiki iliyohitajika kuwazuia stafilokoki walioshinda methisilini. Burundi ilipata matokeo ya kufanana na hayo katika mimea inayotumiwa huko dhidi ya maambukizi, yakachapishwa 2016 na 2017. Huko Kameruni, Victor Kuete na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Dschang wamefanya kazi hii kwa miaka mingi na kwa mpangilio: wanachukua mimea ya dawa na hata viungo vya mboga, wanaijaribu dhidi ya Escherichia coli, Klebsiella na Enterobacter walio sugu, mara na antibiotiki, mara bila antibiotiki, mara wakiwa wamezizuia pampu kwa kemikali ili wajue hasa usugu unatoka wapi. Dschang ni mji wa mkoani, mbali na bahari. Haukuwa na utajiri wa shaba wala kobalti. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kusema kwamba sayansi ya namna hiyo ni ya nchi zenye fedha, na huku madini yanapita mpakani petu usiku na mchana.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri mataifa makubwa yatuletee dawa mpya. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibiotiki mpya, plazomisini, mwezi wa Juni 2018. Aprili 2019 ilikuwa imetangaza kufilisika. Dawa ilifanya kazi, ila soko halikuilipa. Antibiotiki hutumika siku chache tu, na ile mpya madaktari huiweka akiba, hivyo mwenye mtaji hukimbilia dawa za kisukari na za shinikizo la damu ambazo mgonjwa huzimeza maisha yake yote. Na hata zile mpya zinazofanikiwa huko kwa bei kubwa, huchukua miaka kufika hospitali ya Sakania, kama zikifika. Kwa mtu wa kipato cha chini, kuifufua penisilini, tetrasiklini au siprofloksasini kuna faida kubwa kuliko kugunduliwa dawa ya kumi ambayo hataiona.

Sasa nijibu pingamizi, na la kwanza ni lile la mtu wa kawaida, ambalo nalo lina akili yake: kama mti una nguvu hiyo, kwa nini nisiunywe leo pamoja na vidonge vyangu? Jibu liko katika kipimo. Ndani ya chombo cha maabara unaweza kuweka kiasi chochote unachotaka cha kiambato juu ya bakteria. Ndani ya mwili, tumbo huvunja sehemu, ini huvunja sehemu, na kinachofika katika damu mara nyingi ni kidogo sana. Ukiongeza dozi ili kifike, unaweza kumdhuru mgonjwa kabla ya bakteria. Mfano wake upo katika misitu yetu wenyewe. Miti ya Rauvolfia ina reserpini, na reserpini huziba pampu ya stafilokoki vizuri kabisa katika maabara. Lakini ni dawa inayoshusha shinikizo la damu, na kiasi kinachotakiwa ili kuiziba pampu ndani ya mwili ni sumu kwa binadamu. Mgonjwa angeanguka, na bakteria angebaki. Kuna hatari ya pili isiyoonekana. Mimea mingine hulifanya ini liharakishe kuondoa dawa za hospitali, na mwaka 2000 nchini Marekani ilionekana kwamba mmea mmoja wa Ulaya, Hypericum perforatum, ulishusha kwa zaidi ya nusu kiasi cha indinaviri katika damu, dawa ya virusi vya Ukimwi. Anayemeza dawa za Ukimwi au za kifua kikuu na kuchanganya na mizizi bila kumwambia daktari anaweza kuwa anazipunguza nguvu dawa zake mwenyewe akidhani anaziongeza. Msaidizi asiyepimwa anaweza kugeuka kuwa mpinzani.

Pingamizi la pili ni la wataalamu, nalo ni zito zaidi. Wanasema: tumesoma maandishi ya namna hii kwa zaidi ya miaka ishirini, kila mwaka mti mpya, kila mwaka sifa mpya, na hadi leo hakuna dawa hata moja ya kuziba pampu iliyoidhinishwa kutumika hospitalini. Hilo ni kweli, na anayelificha anawadanganya wasomaji. Ni kweli pia kwamba ushindi mwingi uliopatikana ni dhidi ya stafilokoki, ilhali Klebsiella na Acinetobacter, wanaotutisha zaidi wodini, wana ukuta wa nje unaozuia viambato vingi visiingie hata kidogo. Lakini tutazame kwa nini kazi nyingi huishia kwenye karatasi. Mtafiti huchuma majani, huyaloweka, huona bakteria wamepungua, huchapisha, kisha fedha zinakwisha. Hakuna anayelipia kukitenga kiambato chenyewe, kukijaribu kwa wanyama, kupima sumu yake, kukifanya kiwe imara. Aina za bakteria zinazotumika mara nyingi ni zile zinazonunuliwa ng'ambo, wala si wale walio katika vidonda vya wagonjwa wetu. Kazi iliyokatizwa njiani haiwezi kuhukumiwa kana kwamba ilifika mwisho ikashindwa. Artemisinini, ambayo kila familia ya Katanga imewahi kuihitaji kwa malaria, ilitoka katika mmea uliojulikana China kwa karne nyingi. Ilitakiwa serikali iamue, watu wapangwe, na Tu Youyou na wenzake wafanye kazi hadi kuipata katika miaka ya 1970. Nobeli alipewa 2015.

Wapo wanaosema kwamba bakteria watamzoea msaidizi kama walivyoizoea dawa. Watamzoea, ndiyo, baada ya muda. Vimeng'enya visivyokamatwa na asidi ya klavulani vimekwisha kuonekana. Hata hivyo miaka arobaini ya kuponya watu si kitu kidogo, na hakuna dawa yoyote ya bakteria iliyopewa ahadi ya milele.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la wauguzi. Wao huuliza: mnatuambia habari za viambato vya miti, na wodi haina maji, tupeni kwanza sabuni. Wana haki kabisa. Ignaz Semmelweis alionyesha Vienna mwaka 1847 kwamba kunawa mikono kwa maji yenye klorini kulipunguza sana vifo vya wanawake waliojifungua, na hakuna ugunduzi wa mimea utakaochukua nafasi ya ndoo ya maji safi na dawa ya kusafisha mikono. Bakteria asiyempata mgonjwa hahitaji antibiotiki wala msaidizi wa antibiotiki. Kwa hiyo maji yatangulie, na atakayeutumia mti kama kisingizio cha kutochimba kisima hospitalini apingwe. Ila nasema hivi: kile ambacho utafiti wa miti unakihitaji kwanza ni kilekile ambacho mgonjwa wa leo anakihitaji, yaani maabara ya kuotesha vimelea. Bila maabara hiyo daktari anakisia. Anampa mgonjwa seftriaksoni kwa sababu ndiyo iliyopo, akishindwa anaongeza nyingine, na katika kukisia huko usugu unakua. Ikiwapo, usaha na damu hupelekwa, bakteria huoteshwa, dawa hujaribiwa juu yake, na baada ya siku chache daktari anajua ipi itafanya kazi. Bakteria haohao, wakihifadhiwa katika baridi, ndio ambao mkemia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi atawajaribia maganda ya miti yetu. Friji moja, mtaalamu mmoja aliyefundishwa vizuri, umeme usiokatika, na vifaa vya kuotesha vinavyokuja kwa wakati vitamhudumia aliye kitandani na vitaihudumia sayansi. Mwenye kuzipambanisha haja hizi mbili ametazama bajeti vibaya.

Sharti lingine ni msitu, na hapa sauti yangu inapanda, kwa sababu muda ni mfupi. Miombo ya Katanga ni hazina inayojulikana. François Malaisse, Mbelgiji aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula ambavyo watu wa msitu huo huvipata ndani yake, na chakula ni sehemu tu ya utajiri wake. Nini tumeufanyia? Tumeukata kwa ajili ya makaa, kwa sababu Lubumbashi hupika kwa makaa na haijapewa njia nyingine inayoimudu. Kisha ikaja tamaa ya mukula. Kwa mganga, mti huo ni maganda na utomvu mwekundu. Kwa mfanyabiashara ulikuwa magogo ya kupelekwa China, na malori yalivuka mipaka yetu kuingia Zambia mpaka biashara ya mti huo, Pterocarpus tinctorius, ilipowekwa chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES mwaka 2019. Mti unaokatwa leo hauwezi kuchunguzwa kesho. Na aliyeujua, yule mzee au mama wa kijijini anayejua ganda la upande gani huchumwa na msimu gani, anazeeka bila mtu wa kumwandika.

Nitaulizwa kama haya hayatawanufaisha wageni, wachukue mbegu na majina wakatajirike. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana Itifaki ya Nagoya ya 2010 iliandikwa: anayetumia mmea na maarifa ya watu apate ridhaa yao na agawane nao faida. Lakini itifaki hailindi kitu kisichoandikwa wala kupimwa. Kivu inatuonyesha kinyume cha hofu. Bukavu, kampuni ya Pharmakina imetengeneza kwinini kutokana na magome ya sinkona yaliyopandwa katika vilima vya Kivu. Mti ulikuja kutoka Amerika ya Kusini, ukalimwa hapa, ukageuzwa dawa hapa. Ikiwa mti wa kigeni umeweza kuwapa Wakongo kazi na dawa, mti uliozaliwa Katanga usishindwe kwa uvivu wetu.

Basi nawaomba kila mtu kwa nafasi yake. Mwenye farmasi wa Mokambo, usimuuzie mtu vidonge vinne vya amoksisilini kwa sababu pesa yake imeishia hapo. Dozi pungufu humfundisha bakteria bila kumuua, na Alexander Fleming mwenyewe alilionya hilo alipopokea Nobeli mwaka 1945. Mama, homa ya mtoto si lazima iwe ya bakteria. Mpeleke apimwe kwanza, na ukipewa antibiotiki imalize kama ulivyoagizwa. Mganga wa miti, usimkataze mgonjwa dawa ya hospitali, na daktari, usimkemee mgonjwa aliyetoka kwa mganga, kwa maana ukimkemea atakuficha anachokunywa, nawe utaandika dawa gizani. Kijana wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi unayetafuta mada ya kuandikia, nenda kwa wazee kabla hawajaondoka, andika jina la mti kwa Kibemba, kwa Kilamba na kwa Kisanga, hifadhi tawi lake, halafu ujaribu mti huo kwa bakteria wa hospitali ya mji wako badala ya wale wa kununua.

Kwa wabunge wa mkoa na wakuu wa serikali nina neno moja. Haut-Katanga haiwezi kusema haina fedha. Sheria ya Madini ya 2018 inaupa mkoa unaochimbwa asilimia 25 ya mrabaha, inazipa serikali za mitaa asilimia 15, na inailazimisha kila kampuni kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Katika fedha hizo itengwe sehemu ya kujenga na kuendesha maabara ya kuotesha vimelea katika kila hospitali kuu, kuanzia Lubumbashi mpaka Sakania, yenye mshahara wa mtaalamu na bajeti ya vifaa ya kila mwaka. Wananchi wa Mokambo wana haki ya kuiuliza serikali yao, kwa maandishi na kwa majina, maabara hiyo itafunguliwa lini.